Fimbo Haimfundishi Kutulia



Kuna neno nimelisikia mara nyingi mno katika safari zangu za kazi kati ya Mbeya na Iringa. Neno lenyewe ni "jeuri". Mtoto akijitupa chini pale Mwanjelwa akapiga makelele na kujigonga kichwa, watu watasema ni jeuri. Akimng'ata mwalimu, jeuri. Akirusha sahani kwa sababu mchuzi umegusa ugali, basi hiyo ni jeuri ya kupindukia na mama yake ndiye aliyemdekeza. Na dawa ya jeuri kila mtu anaijua. Inakaa nyuma ya mlango.

Leo nasema wazi: kwa mtoto mwenye usonji dawa hiyo haitibu. Ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo, halafu ukamlaumu kwa nini bado anatetemeka. Najua wapo watakaonuna, hasa wazee wangu. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, halafu mnichape mimi.

Kwanza usonji wenyewe. Ni hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna tofauti tangu utotoni. Haiambukizi, na haiji kwa sababu mama alimkosea mkwewe. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika juu ya watoto 11 aliowachunguza, na mambo mawili kati ya aliyoyaona ni yale yale ambayo mama wa Ilomba au Mlandege atakusimulia leo bila kumjua Kanner ni nani: mtoto anataka kila kitu kibaki vile vile kama jana, na sauti kubwa zinamtia hofu isiyo ya kawaida. Miaka zaidi ya 80 imepita. Sisi bado tunabishana kama ni mapepo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 2,343,754 mkoa wa Mbeya na 1,192,728 mkoa wa Iringa. Chukua kalamu upige hesabu mwenyewe. Kama makadirio hayo yanashika na huku kwetu, mikoa hii miwili peke yake ina watu zaidi ya 27,000 wenye usonji. Hivi wako wapi? Mimi nimezunguka sana mikoa hii na ninaowafahamu kwa sura hawafiki kumi. Wengine wapo wakubwa, wana kazi zao, na watu wanawaita "yule bwana mgumu kidogo". Lakini wengi nadhani wako ndani. Wamefungiwa siku mama anapokwenda kuuza ndizi, kwa sababu akienda nao sokoni watamwaibisha.

Aibu hiyo nimeiona kwa macho yangu ndani ya basi.

Tulitoka Mbeya asubuhi kuelekea Iringa. Kiti cha mbele yangu alikaa mama na mtoto wake wa kiume, kama miaka tisa hivi. Mpaka Chimala mtoto katulia, anazungusha kifuniko cha chupa mbele ya macho yake. Basi lenyewe mnalijua: runinga juu, muziki juu, spika iko sawasawa na sikio la abiria. Tulipofika Makambako wale vijana wa mahindi na mayai wakavamia madirisha, kila mmoja anagonga kioo na kuita. Mtoto akaziba masikio. Akaanza kuimba sauti moja, mmm, mmm, mmm, na kujitikisa. Mama akamwambia jirani yake afunge dirisha. Jirani bado anachagua mahindi. Kisha kijana mmoja akaingiza mkono mpaka karibu na uso wa mtoto, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alipiga kelele ambayo basi zima liligeuka. Akajipiga kichwani kwa ngumi, akampiga mama, akapiga kiti. Mara moja tukawa na madaktari arobaini ndani ya basi. "Mchape huyo!" alisema mama mmoja wa nyuma. Mzee mmoja akasema huyo apelekwe kwenye maombi. Mwingine akauliza kwa sauti, eti wazazi wa siku hizi wanalea nini? Mama mwenyewe hakumjibu mtu. Alivua kitenge begani, akamzungushia mwanae mwili mzima, akakikaza, akamvutia kifuani akiwa amemgeuzia mgongo, akaanza kuimba naye ile mmm, mmm, polepole zaidi yake. Kisha akamwambia konda maneno matatu tu: "Kaka, muziki tafadhali."

Yule konda, kijana mdogo wa kofia, hakuuliza swali. Alizima muziki, akawafukuza wauza mahindi, akamwambia dereva waondoke. Kabla ya Nyororo mtoto alikuwa amelala.

Baadaye nilimuuliza yule mama, maana kazi yetu ni kuuliza. Akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nimempiga huyu miaka mitatu. Nilikuwa nampiga yeye anacheka, au anapiga zaidi. Siku moja nikagundua mimi ndiye niliyekuwa natulia nikishampiga. Yeye hapana."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu.

Sasa tofauti iko wapi? Mtoto yeyote anaweza kugaragara dukani akitaka biskuti. Huyo anakutazama. Ukimpa biskuti anaacha, ukiondoka anakufuata, na hata katikati ya kilio anajihadhari asigonge kichwa. Huyo anataka kitu. Mtoto mwenye usonji naye ni mtoto, naye hutaka biskuti, kwa hiyo hayo yanampata kama wenzake. Lakini kuna hali nyingine ambayo nitaiita kuzidiwa. Kelele, mwanga, harufu, joto, msongamano, mabadiliko ya ghafla, vyote vimejaa kichwani mpaka vimemwagika. Hapo hatazami mtu. Ukimpa biskuti anaitupa. Hajui nani anamwona. Hakuchagua kuanza na hawezi kuchagua kuacha, kama ambavyo wewe huwezi kuchagua kuacha kutapika katikati.

Fimbo hufanya nini kwa aliyezidiwa? Inaongeza maumivu, kelele, na uso wa mtu mzima uliokunjamana karibu na uso wake. Yaani mtungi umefurika na wewe unaongeza maji.

Hapo watu hunijibu, "Mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu?" Sawa. Mimi pia nilichapwa, sana. Lakini kuchapwa kulitufundisha (kama kulitufundisha) kwa sababu tulikuwa na uwezo wa kuunganisha mambo mawili: nimevunja dirisha, ndiyo maana nachapwa. Mtoto aliyezidiwa hana nafasi kichwani ya kuunganisha chochote wakati ule. Anachobaki nacho ni kwamba shuleni kunaumiza, au baba anaumiza, au sokoni kunaumiza. Kesho akifika mahali pale tayari mtungi uko nusu kabla hata kelele hazijaanza. Halafu tunasema ugonjwa umezidi.

Na ajabu ni kwamba sheria yetu ililiona hili zamani. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, inasema adhabu yoyote ya kumrekebisha mtoto haikubaliki ikiwa haiendani na umri wake na hali yake ya mwili na akili, na haikubaliki kabisa kwa mtoto asiyeweza kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Soma tena hapo mwisho. Mtoto aliyezidiwa sokoni au darasani, anaelewa kwa nini anaadhibiwa? Kwa upande wa shule, kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa kwa maandishi. Mimi naona hata hivyo vinne ni vingi, lakini angalau mpaka umewekwa. Sisi wa Mbeya tunajua mpaka huo unavyovukwa. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mazoezi wakimchangia kipigo mwanafunzi katika Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Mbeya. Yule alikuwa kijana wa sekondari, mwenye kauli yake, na kulikuwa na kamera. Mtoto wa darasa la pili asiyesema anapochapwa nani anarekodi?

Siwalaumu walimu wote, na hapa naomba nieleweke. Nimekaa nyuma ya darasa moja jijini Mbeya lenye watoto zaidi ya themanini na mwalimu mmoja. Mwalimu yule hakuwahi kusomea elimu maalumu. Lakini ana mtoto mmoja darasani ambaye kila mtu anasema ana usonji, ingawa hajawahi kupimwa, na ana mbinu ambayo nilipoiona nilicheka kwa furaha. Akiona mtoto ameanza kuuma ukosi wa shati, hamkemei. Anamwambia, "Nenda kaniletee ndoo ya maji." Mtoto anakwenda bombani, anajaza ndoo, anaibeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni, anaiweka. Anarudi kukaa. Dakika kumi baadaye ndoo inarudishwa ikamwagiwe miti. Nikamuuliza, mwalimu, maji haya ya nini? Akasema, "Ya kazi gani? Hayana kazi. Yeye ndiye mwenye kazi nayo."

Wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaomfundisha mtoto kuvaa, kula na kuvumilia kelele, wanalijua jambo hili. Kazi nzito ya misuli, kubeba, kusukuma, kuvuta, huwatuliza watoto wengi wenye usonji. Kubanwa nako vivyo hivyo. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama wa Marekani ambaye mwenyewe ana usonji, alipokuwa msichana aliona kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona jinsi ng'ombe wanavyobanwa kati ya mbao wakati wa chanjo, na baadhi wakatulia. Akaingia mwenyewe. Akatulia. Akaenda kujitengenezea mashine yake ya kujibana. Sisi ambao tuna majosho na tumebebwa mgongoni kwa kitenge tangu tuzaliwe, tusingepaswa kushangaa. Ila jihadhari: kumbana mtoto anayetaka kubanwa ni kitu kimoja, kumkamata kwa nguvu mtoto anayekusukuma ni kitu kingine kabisa. Wapo wasiotaka kuguswa hata kidogo. Huyo mwachie nafasi.

Mtakaponiuliza jambo moja la kuanza nalo nyumbani, nitasema: tafuta dalili za mwanzo. Mlipuko hauanzi pale unapouona. Yule wa kwenye basi alitupa taarifa tatu kabla: aliziba masikio, akaimba, akajitikisa. Yule wa darasani anauma ukosi. Mwingine anarudia neno moja, mwingine anatembea kwa vidole vya miguu, mwingine masikio yanakuwa mekundu. Kila mtoto ana yake na mama anazijua, isipokuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zina thamani. Zile za kujitikisa na kupunga mikono ndizo wazazi wengi huzikataza kwa sababu wageni wanashangaa. Wacheni jamani. Mtoto anajitibu mwenyewe pale. Ukimnyima hiyo, atatafuta nyingine, na inaweza kuwa ya kujiumiza.

Kisha kuna suala la kumwambia mapema. Kihesa, Iringa, yupo bibi mmoja anayelea mjukuu wa miaka kumi na miwili. Nilibisha hodi, "Kamwene bibi," akanikaribisha jikoni. Mjukuu huyo shida yake kubwa ni mvua. Mnajua mvua ya Iringa mwezi wa kwanza juu ya bati lisilo na dari, watu wazima wenyewe hatusikilizani. Kijana alikuwa akianza kubomoa nyumba. Majirani wakasema mvua inamwamsha mashetani. Bibi, ambaye hajasoma zaidi ya darasa la nne, akafanya mambo mawili. La kwanza, alishonea magunia na maboksi chini ya bati, pale juu ya kitanda cha mjukuu tu, maana pesa ya dari ya nyumba nzima hana. La pili, akiona wingu limesimama anamwita, anamwonyesha kwa kidole, anasema, "Mvua. Kitandani. Blanketi." Maneno hayo hayo, mpangilio huo huo, kila mara. Sasa kijana akiona wingu anakwenda mwenyewe. Bibi anasema wakati mwingine anakwenda na mvua hainyeshi, basi anakaa huko anasubiri mpaka jioni. Anaicheka Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Hicho alichofanya bibi yule wenzetu wamekiandikia vitabu. Kutabirika kunapunguza hofu, na hofu ndiyo mama wa hizi hasira. Kwa mtoto asiyesema, picha zinasaidia kuliko maneno. Kuna mfumo wa kubadilishana picha ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost: mtoto anatoa picha ya maji, anapewa maji. Rahisi hivyo kwa kuanzia. Huna haja ya kuagiza chochote. Boksi la sabuni, mkasi na kalamu nene vinatosha. Chora choo, chora maji, chora "inatosha", chora nyumbani. Ukweli ni kwamba ngumi nyingi za watoto hawa ni sentensi zilizokosa mdomo. Nani kati yetu asingepiga mtu kama angekuwa na jino linauma wiki nzima na hana namna ya kusema?

Na hili la jino nalisema kwa makusudi. Mtoto aliyekuwa mtulivu akaanza hasira za ghafla, kabla ya maombi na kabla ya fimbo, mpeleke akaangaliwe meno, masikio, tumbo, minyoo, choo kigumu. Kifafa pia huwapata watu wenye usonji zaidi ya wengine. Wapo watoto ambao miili yao haiwaambii vizuri kama wana njaa, kiu au mkojo, wanachosikia ni vurugu tu. Mama mmoja wa Uyole aliniambia hasira za saa nne za binti yake ziliisha alipoanza kumpa uji saa tatu na nusu. Hakuna siri nyingine.

Mama huyo huyo ana kitu kingine kizuri ukutani. Amechora masufuria matano. La kwanza maji yametulia, la pili yana mvuke, la tatu yanaanza kulia, la nne yanachemka, la tano yamemwagika na moto umezimika. Binti anajua kuonyesha kwa kidole yuko sufuria gani. Akiwa la tatu, anaruhusiwa kwenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye migomba bila kuulizwa. Kwa kujifunza huko walitumia miezi, tena wakati ametulia, jioni, mchezo mchezo, siku mama akiwa na nguvu. Akiwa la tano hafundishwi kitu. Hapo ni kuondoa visu na watoto wadogo, kupunguza maneno, na kusubiri. Akirudi anapewa maji ya kunywa, hapewi hotuba.

Mtaniuliza, basi kwa hiyo mtoto aachiwe afanye atakavyo? Hapana! Kumpiga mdogo wake ni mwiko kwa binti yule na anajua. Mipaka ipo. Nachosema ni kwamba mipaka hufundishwa kwenye sufuria la kwanza. Sisi tunachelewa mpaka la tano, tunafundisha kwa kelele, halafu tunashangaa hakuna aliyejifunza.

Upande mgumu zaidi wa haya yote ni sisi watu wazima. Huwezi kumtuliza mtoto ukiwa wewe mwenyewe unachemka. Na mama asiyelala usiku, ambaye mume aliondoka akisema "kwetu hakuna ugonjwa huo" (sentensi hiyo nimeisikia Mbeya, nimeisikia Iringa, naona ina mbegu kila mahali), huyo utamwambiaje atulie? Anahitaji mtu wa kukaa na mtoto saa mbili Jumamosi. Mashangazi, wajomba, akina mama wa jumuiya, kwaya, mko wapi? Maombi ni mazuri, mimi mwenyewe ni muumini. Lakini saa mbili za usingizi nazo ni neema.

Dawa za hospitali zipo. Marekani risperidoni iliruhusiwa mwaka 2006 kwa hasira kali za watoto wenye usonji, na aripiprazoli mwaka 2009. Haziondoi usonji, zinaweza kumnenepesha na kumlaza mtoto, na ni za daktari kuandika na kufuatilia, si za kuazimana kwa jirani. Kwa mtoto anayejiumiza vibaya zinaweza kuwa msaada mkubwa. Shida ni kumpata huyo daktari. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inabeba nyanda zote hizi za juu kusini. Chuo maarufu cha tiba kwa vitendo kiko KCMC, Moshi. Toka hapa Mbeya uende Moshi kwa basi na mtoto anayeogopa spika, halafu uje unisimulie.

Ndiyo maana mimi naweka matumaini zaidi kwenye kuwafundisha wazazi wenyewe. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi, vipindi tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yaliyotengenezwa makusudi ili yatolewe na watu wasio mabingwa, na mwaka 2022 yakawekwa pia kwenye intaneti. Muuguzi wa zahanati anaweza. Mwalimu anaweza. Yule mwalimu wa ndoo anaweza kesho asubuhi. Mbeya tuna Child Support Tanzania wanaosomesha watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu pamoja. Iringa, Neema Crafts ya Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana ilianza 2003 na vijana viziwi, na mji mzima ukajifunza kuagiza chai kwa ishara na karatasi mgahawani kwao. Hakuna aliyekufa kwa kusubiri chai dakika mbili zaidi. Mji ulioweza hilo utashindwa kupunguza muziki?

Nchi ina Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi uliozinduliwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Maneno yake ni mazuri. Mimi kwa Halmashauri ya Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa nina ombi dogo kuliko mkakati: kila shule yenye kitengo cha elimu maalumu iwe na kachumba kamoja ka kutulia. Dari la kuzuia kelele za mvua, mkeka, pazia zito, blanketi, ndoo ya maji, na sheria moja mlangoni kwamba humu hakuna fimbo. Ukitoa hilo dari, vitu vyote hivyo kwa pamoja havifiki bei ya kiti anachokalia ofisa mmoja pale halmashauri. Nimevikalia viti vile nikisubiri mahojiano. Ni vizuri sana.

Mzazi au mwalimu mwenye mbinu yake iliyomsaidia, aiandike hapa chini. Yule bibi wa Kihesa hana simu ya kufungulia ukurasa huu, lakini mjukuu wake mkubwa ameniahidi atamsomea. Na yule mama wa masufuria anatafuta namna ya kumwandaa binti yake kwa siku ya kunyolewa nywele, maana ile mashine ya saluni bado inampeleka moja kwa moja sufuria la tano.